Kuingia Chama si Hoja, Kudumu Ndiyo Hoja

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo tunaikariri sana darasani, lakini ukitaka kuiona kwa macho yako, njoo ukitazame Chama cha Biashara cha shule yetu. Kila Januari, siku ya kusajili wanachama, karatasi ya majina hujaa mbele na nyuma. Wengine huandika majina yao pembeni kwa kukosa nafasi. Ikifika katikati ya muhula wa pili, ukiingia katika chumba cha mkutano Jumatano saa kumi utawakuta watu wanane, na mmoja wao amekuja kuazima kiti tu. Kisha, maajabu ya Musa! Wiki ya safari ya maonyesho ya ASK hapa Nakuru, wanachama hufufuka. Basi la viti 51 linagombaniwa na watu 90, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ni mwanachama tangu zamani.

Wanafunzi wenzangu, hali hii imewachosha wengi, nami ni mmoja wao. Ndiyo sababu muhula huu pendekezo limeletwa na baadhi ya viongozi wa chama, na walimu kadhaa wameliunga mkono. Pendekezo lenyewe ni hili: Chama cha Biashara kivunjwe, kiundwe upya kiwe chama cha heshima. Aingie yule tu aliyepata B+ au zaidi katika somo la Biashara kwa mihula miwili mfululizo. Apewe beji ya kuvaa kwenye sweta, na jina lake liandikwe katika ubao ulio nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kura itapigwa muhula ujao. Nimeomba ukurasa katika jarida hili la Chama cha Kiswahili ili nitoe maoni yangu mapema, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Msimamo wangu nautaja waziwazi. Heshima tuwe nayo. Beji tuwe nayo. Lakini beji hiyo isiwe ya kuingilia mlangoni. Iwe ya kudumu.

Chama cha heshima ni kitu gani hasa?

Wanaounga mkono pendekezo hili husema kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo Marekani. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Kule kuna chama kiitwacho National Honor Society, kilichoanzishwa mwaka 1921 na muungano wa wakuu wa shule za sekondari. Chama hicho kimesimama juu ya nguzo nne: masomo, utumishi, uongozi na tabia. Hebu hesabu mwenyewe. Alama za darasani ni nguzo moja kati ya nne. Sisi tumeichukua hiyo moja, tukaziacha tatu zikielea, halafu tunasema tumeiga!

Ni kweli pia kwamba vyuo vikuu vina Beta Gamma Sigma, chama cha tangu mwaka 1913, ambacho huwachagua wanafunzi waliong'ara sana katika masomo ya biashara. Sikatai. Lakini Wamarekani hao hao wana vyama vingine vya biashara vya wanafunzi ambavyo havianzi kwa kumuuliza mtu amepata alama gani. Kipo Future Business Leaders of America, ambacho tawi lake la kwanza lilifunguliwa Johnson City, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1942. Ipo pia Junior Achievement iliyoanzia Springfield, Massachusetts, mwaka 1919, na hii imefika hata kwetu Kenya. Katika mpango wake wa kampuni, wanafunzi huuza hisa, hutengeneza bidhaa, huiuza, hutunza vitabu vya hesabu, na mwishoni huifunga kampuni na kugawana faida kama ipo. Zingatia maneno hayo: kama ipo. Mtihani wa karatasi hauna hasara ya pesa za wenzako. Kampuni inayo.

Na kwa nini twende mbali? Hapa nyumbani tuna vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka 1962 katika shule za msingi na kuzinduliwa upya na serikali mwaka 2021. Herufi hizo maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nimezitafuta sana, sikuiona K ya Kufaulu mtihani.

Tuulize kina mama wa mtaani

Tukitaka mwalimu wa kweli wa mambo ya chama, hatuna haja ya kupanda ndege. Ingia Kaptembwo, Langa Langa, Bondeni au Free Area siku ya Jumapili alasiri, utawakuta kina mama wameketi chamani, chai iko mezani na daftari limefunguliwa. Hakuna mama anayeulizwa alipata nini katika mtihani. Anaulizwa maswali mawili tu. La kwanza: siku ya mchango, utaleta? La pili, ambalo ndilo gumu zaidi: ukipewa zamu ya kwanza, utaendelea kuchanga mpaka yule wa mwisho apate yake?

Hapo ndipo penye siri ya chama chochote duniani. Kina mama wanajua kwamba mtu wa hatari si yule anayengoja zamu yake. Mtu wa hatari ni yule aliyekwisha kupata. Akishazitia pesa mkobani, mguu wake huwa mzito kuja Jumapili ifuatayo. Kwa hiyo zamu ya kwanza hapewi mgeni. Hupewa mtu anayejulikana, au mtu mwenye mdhamini, yaani mwenzake wa chamani aliye tayari kumlipia akitoroka.

Sasa tazama pendekezo letu. Mtu anapata B+, anaingia, anavikwa beji siku hiyo hiyo na jina lake linaandikwa ubaoni. Huyo amepewa zamu ya kwanza, tena bila mdhamini! Amekwisha kupata alichokuja kukitafuta. Jumatano saa kumi anakuja kutafuta nini? Tukipitisha pendekezo hili tutapata chama chenye watu werevu, wenye beji za kung'aa, na viti vitupu. Ugonjwa wetu ni watu kutodumu. Dawa tunayoletewa ni ya watu kutofaulu. Jamani, mgonjwa wa meno hapewi miwani.

Sabuni ya lita ishirini

Labda kuna atakayesema: wenye alama za juu ndio watakaojua kuendesha biashara. Hebu tufanye hesabu ndogo, tuone elimu ya darasani inafika wapi na mambo mengine yanaanzia wapi.

Tuseme wanachama 30 wametoa hisa ya shilingi 50 kila mmoja. Mtaji ni shilingi 1,500. Wanaamua kutengeneza sabuni ya maji, lita 20. Dawa na rangi zinagharimu shilingi 900. Chupa 40 za nusu lita, kwa shilingi 5 kila moja, ni shilingi 200. Jumla wametumia 1,100. Kila chupa inauzwa shilingi 40, kwa hiyo zikiisha zote wataingiza 1,600. Faida ni shilingi 500. Mpaka hapo kila mtu wa kidato cha pili anaweza kuifanya hesabu hii, na wa B+ ataifanya haraka kuliko mimi.

Lakini subiri. Chupa 10 zimechukuliwa kwa mkopo bwenini. "Nitalipa nikitembelewa," mtu anakwambia. Siku ya wageni inapita, chupa 6 kati ya hizo hazijalipwa. Hiyo ni shilingi 240. Chupa 2 nazo zimetolewa bure kwa marafiki wa mwenyekiti, eti za kuonjesha. Sijawahi kuona mtu akionja sabuni! Hiyo ni shilingi 80. Ile faida ya 500 imebaki 180. Gawia watu 30, kila mmoja apate shilingi 6. Kwa muhula mzima!

Je, ni elimu gani iliyokosekana hapo? Si kuzidisha wala kugawanya. Kilichokosekana ni mtu wa kupita bweni kwa bweni jioni baada ya chakula, akiwa na daftari mkononi, aseme kwa upole bila kuona haya, "Ndugu yangu, ile arobaini ya chama." Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, chupa hizo mbili utazilipia." Kufafanua deni lisilolipika katika karatasi ya mtihani ni alama mbili. Kulikusanya ni tabia.

Wala sisemi haya kwa kubuni tu. Tulipoingia kidato cha kwanza tulikuta chama hakina daftari la fedha. Lilikuwa limeondoka ndani ya sanduku la mweka hazina wa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyejua nani anadaiwa. Aliyekifufua chama ni mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu hapendi kutajwa. Nyumbani kwao huuza mboga sokoni. Aliketi na wanachama wa zamani mmoja mmoja, akaandika upya kila deni walilolikumbuka, akawaonyesha wenyewe walioandikwa, wakakubali au wakakana mbele ya mashahidi. Kufikia mwisho wa muhula wa pili sehemu kubwa ya pesa ilikuwa imerudi. Mwenzetu huyo katika somo la Biashara hupata C. Kwa sheria mpya inayopendekezwa, mtu aliyekiokoa chama hangeruhusiwa hata kukanyaga mlangoni. Nawauliza nyinyi mtakaopiga kura: hiyo ni heshima ya namna gani?

Mizani ya haki

Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walichanga pauni moja moja wakafungua duka la ushirika. Walianza na bidhaa chache mno: siagi, sukari, unga na mishumaa. Sifa yao haikutokana na vyeti. Ilitokana na kuuza bidhaa safi, isiyochanganywa na takataka, na kupima kwa mizani ya haki. Tena kila mwanachama alikuwa na kura moja, mwenye nyingi na mwenye chache sawasawa. Vyama vya ushirika duniani kote, na vyetu vya Kenya vikiwamo, vinawataja hao kama babu zao.

Nakuru ni mji unaoyaelewa mambo haya. KFA, yaani chama cha wakulima kilichoanza mwaka 1923, kilikuwa na makao yake makuu hapa hapa mjini. Mwanzoni kilikuwa cha walowezi, baadaye kikawa cha wakulima wa nchi, na miaka ya 1980 kikaitwa KGGCU kabla jina la KFA halijarudi. Kimeona neema, kimeona dhiki. Tazama pia pareto. Ilikuwapo miaka ambayo Kenya iliongoza duniani kwa pareto, na maua meupe ya Molo na vilima vya jirani yaliletwa kiwandani Nakuru. Wakulima walipokaa muda mrefu bila malipo, wengi waliing'oa wakapanda viazi na mahindi. Wasomi hawakukosekana. Kilichokosekana ni ahadi iliyotimizwa kwa wakati.

Na viazi vyenyewe? Nani kati yetu hajaliona gunia la lumbesa, limefungwa kilemba cha nyavu juu mpaka linafanana na bwana harusi? Mkulima wa Molo au Kuresoi analipwa bei ya gunia moja, naye ametoa gunia na nusu. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni ni nzuri, lakini yule anayelishona gunia anajua kusoma na kuhesabu vizuri kabisa. Hesabu anaijua. Haki ndiyo hana.

Basi, kama chama chetu kinataka kuwatoa watu watakaoheshimiwa katika biashara ya Bonde la Ufa, ni lazima kiwazoeze mizani ya haki wakiwa bado na chupa 40 za sabuni, kabla hawajapewa malori ya viazi.

Majibu kwa wanaopinga

Najua kuna walimu wetu wapendwa wanaosema, "Huyu anataka watoto waache vitabu wauze sabuni." La hasha! Masomo ni nguzo, na nguzo haing'olewi nyumba ikabaki imesimama. Mwanachama ambaye alama zake zinaporomoka apumzishwe kwenye cheo, si kwenye chama, mpaka ajirekebishe. Tena wenye alama za juu wapewe kazi ya kuwafundisha wenzao Jumatano moja kila mwezi. Hapo B+ yao itakuwa imekifaa chama. Alama ambayo haimsaidii mwingine ni mali ya mwenyewe tu, na hakuna mtu anayepewa beji kwa sababu ana mali.

Wengine husema, "Mlango ukiwa wazi, watarudi wale wale wa kutafuta basi la maonyesho." Hofu hii ni ya haki. Lakini dawa yake si kuufunga mlango. Dawa ni kuifanya safari iwe ya waliohudhuria. Orodha ya mahudhurio ipo. Isomwe mbele ya kila mtu, wa kwanza mpaka wa 51, basi liondoke. Atakayebaki hatakuwa na wa kumlaumu.

Wa tatu husema kwamba chama cha heshima kitatusaidia tunapoomba nafasi za vyuo na kazi, kwa kuwa mwalimu mkuu ataliandika jambo hilo katika cheti cha kumaliza shule. Mimi nasema, ataandika nini? "Alipata B+"? Hilo tayari limeandikwa na mtihani wenyewe. Lakini akiandika, "Alitunza fedha za wenzake kwa miaka miwili na hesabu zikakubaliana," hapo mwajiri atasoma mara mbili.

Liko na jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiria. Mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unafika mwisho. Darasa la mwisho lilifanya KCPE mwaka 2023 nalo linatazamiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanaotufuata ni wa mtaala mpya, wanaoingia sekondari ya juu katika Gredi ya 10 na kukaa miaka mitatu, wala si minne. Kwao ripoti haizungumzi lugha ya B+. Inazungumzia kama mwanafunzi amezidi matarajio, ameyafikia, au bado. Tukiandika katika katiba yetu kwamba mwanachama ni mtu wa B+, tunawaandikia wadogo zetu ufunguo usioingia katika kitasa chao. Lakini tukiandika kwamba mwanachama ni mtu aliyehudhuria, aliyefanya kazi na aliyetoa hesabu, hiyo ni sheria itakayoeleweka hata miaka 20 ijayo.

Mapendekezo yangu

Wahenga walisema mkosoaji asiye na lake la kutoa ni debe tupu, au kama hawakusema hivyo basi nasema mimi. Haya ndiyo mapendekezo yangu, nami naomba yawekwe mezani pamoja na lile la B+.

Kwanza, mlango uwe wazi muhula wa kwanza wote kwa kila mwanafunzi, awe anasoma somo la Biashara au hasomi. Hisa iwe ndogo. Asiyekuwa na pesa achange kwa kazi: kuosha chupa, kufunga, kubeba, kuandika matangazo. Tuiite hisa ya jasho, nayo iandikwe katika daftari sawa na hisa ya pesa. Wako wenzetu ambao shilingi 50 ni nauli ya mzazi.

Pili, kila mwanachama awe na kazi yenye jina. Mtu asiye na kazi chamani ni mgeni, na mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nadhani nusu ya wanaotoroka hutoroka kwa sababu walikuja, wakaketi, wakasikiliza hotuba tatu, wakaondoka bila kuguswa na lolote. Si uvivu pekee unaofukuza watu. Uchovu wa kutazama tu nao hufukuza.

Tatu, atakayekosa mikutano mitatu mfululizo bila sababu atembelewe kwanza na mwanachama mwenzake, aulizwe kuna nini. Huenda anaumwa, huenda karo imemrudisha nyumbani. Baada ya hapo, kama hana la kusema, jina lake litolewe katika orodha bila vita.

Nne, hesabu za chama zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na jumla ya madeni. Ziwe katika Kiswahili chepesi ili hata mpishi wa bwalo akipita azisome. Pesa isiyoonekana huzua maneno.

Tano, beji ya heshima itolewe baada ya mihula mitatu, si siku ya kwanza. Kipimo kiwe nguzo zile nne: masomo yake yamepanda au angalau hayajashuka, ametumikia, ameongoza jambo japo dogo, na hesabu zake zote ni safi. Wapiga kura wawe wanachama wenyewe pamoja na mwalimu mlezi wa chama. Na beji iwe ya kuvuliwa. Atakayekula pesa za chama aivue mbele ya wale wale waliomvika.

Sita, kila kiongozi awe na naibu kutoka darasa la chini anayekaa naye bega kwa bega. Siku ya kukabidhi, daftari lipite mkononi mwa mwenye kuondoka, liingie mkononi mwa mwenye kubaki, na wote wawili watie sahihi, mwalimu mlezi akiwa shahidi. Daftari lisiingie tena katika sanduku la mtu.

Neno la mwisho

Wenzangu, si vigumu kuandika jina katika karatasi Januari. Kalamu ni nyepesi. Kigumu ni Jumatano ya mvua mwezi wa Juni, baridi ya Nakuru inapouma mifupa, mpira unachezwa uwanjani, marafiki wanakuita, nawe unajua kwamba chumbani mna chupa 12 za kuhesabiwa na daftari la kufungwa. Atakayekwenda Jumatano hiyo, na nyingine, na nyingine, huyo tayari ana heshima. Sisi kazi yetu ni kumwona na kumvika beji, hata kama alipata C.

Muhula ujao tutapewa karatasi ya kura. Nawasihi mlikatae sharti la B+, mkubali beji ya kudumu. Na yeyote atakayepiga kura, awe upande wangu au upande wa pili, naomba Jumatano itakayofuata aje chamani saa kumi kamili. Viti vipo.

Wasalaam,

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili na Chama cha Biashara